Sayari ya Karatasi

Kiharusi kilimpata Fazul katikati ya maneno. Alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yao ya Antanimasaja, Mahajanga, Madagaska, kikombe cha kahawa mkononi, akimlalamikia jirani aliyemwaga maji machafu njiani. "Yule bwana hana hata..." alisema, na asiseme hana nini. Kikombe kilianguka kwanza, kisha yeye. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2006. Miezi saba ikapita, na Koulsoum mkewe alikuwa bado anasubiri mwisho wa maneno yale.

Mkono na mguu wa kulia vilikufa ganzi. Akili ilikuwepo, hilo Koulsoum alikuwa tayari kuliapia, kwa maana macho ya Fazul yalimfuata chumbani kama zamani, yakimcheka na kumkemea. Lakini ulimi uligoma, na hata kichwa kikawa hakiaminiki. Ukimwuliza kama anataka maji, anaitikia kwa kichwa. Ukimwuliza kama anataka kumeza kiberiti, anaitikia vilevile. Mtu aliyewahi kubishana na mwadhini juu ya dakika za magharibi, sasa alikubali kila kitu.

Mwezi wa Agosti kaka yake mkubwa, Ousséni, alipiga simu kutoka Moroni, Komori.

"Nimevumilia kiasi cha kutosha, shemeji," alisema. "Nakuja kwa meli ya mwezi ujao kumchukua ndugu yangu. Huku ana dada zake, ana wapwa, ana nyumba yenye watu. Wewe huko uko peke yako na binti mmoja, na kazi juu."

"Ni mume wangu."

"Ni mume wako, hakuna anayekunyang'anya. Njoo naye."

Hilo la "njoo naye" ndilo lililomchoma. Tofauti na Fazul, mzaliwa wa Moroni, Koulsoum alizaliwa Mahajanga, na wazazi wake walizaliwa Mahajanga, na bado hakuwa raia wa mahali popote. Wakubwa wa Madagaska walimwandika Mkomori. Wa Komori hawakuwa na daftari lenye jina lake. Vyeti vya nyumbani kwao viliungua pamoja na nyumba Desemba ile ya 1976, Wakomori walipowindwa mitaa kwa mitaa, na baba yake na mama yake wakawa miongoni mwa waliouawa. Alichokuwa nacho ni kadi ya ukaaji tu, ya kuombwa upya kila inapokwisha. Akitoka nchini, harudi. Na huko aendako huenda wasimruhusu hata kushuka melini.

"Mwulize mwenyewe basi," alimwambia Ousséni. "Fazul si maiti. Akisema anataka kwenda, mimi ni nani? Akisema hataki, utamwacha?"

Ousséni hakuwa mtu mbaya, na hilo lilifanya mambo kuwa magumu zaidi. "Akisema kwa mdomo wake," alijibu, "nitafuata neno lake. Wallahi."

Koulsoum alipokata simu ndipo alipohesabu: siku ishirini na sita za kumfanya bubu aseme.

Muuguzi aliyekuwa akija kumnyoosha Fazul viungo alijaribu kumweleza. "Maneno ya kupanga ndiyo yaliyofungwa, mama. Yale yanayotoka yenyewe mara nyingine hubaki. Dua, nyimbo, kuhesabu. Hata matusi."

Wakajaribu. Koulsoum alimsomea Fatiha polepole, mdomo wa Fazul ukatetemeka, machozi yakatoka, sauti isitoke. Alimwimbia nyimbo za harusi mpaka majirani wakadhani amerukwa na akili. Alihesabu moja hadi mia akiwa amemshika kidevu.

"Zamani kitu gani kilikuwa kinamtoa maneno bila kufikiri?" muuguzi aliuliza.

Hadjira, binti yao, mwalimu wa shule ya msingi, alicheka kwa uchungu. "Ubishi."

Koulsoum akaiweka pasi chini. Alijua ni ubishi gani.

Mwaka 1979 walikuwa vijana wa kazi katika hoteli moja ya ufukweni Nosy Be, watu watatu waliookoka Mahajanga na kukimbilia kisiwani. Koulsoum alipiga pasi mashuka. Fazul alihudumia meza. Rafiki yao Abdou alitunza jenereta. Mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa akihama aliiachia hoteli mashine ya video na sanduku la kaseti, na kwa kuwa wageni hawakufika Nosy Be ili kutazama televisheni, mashine iliishia chumba cha kufulia. Kaseti zote zilikuwa za tamthilia moja iliyotiwa sauti za Kifaransa, Wana wa Altara. Watu arobaini wamo ndani ya chombo cha anga. Dunia yao imeteketea, wanazunguka kwenye nyota wakitafuta mahali pa kupokelewa. Kila sehemu ina sayari yake, na kila sayari ina sababu yake ya kuwafukuza.

Abdou aliipenda kama mtu aliyesilimu jana. Fazul hakukosa hata siku moja, na hakuna siku aliyoacha kuikashifu. "Taratasy!" alipiga kelele kwa Kimalagasi kila sayari mpya ilipotokea. Karatasi! "Tazama mlima ule unavyopepea! Taratasy na gundi!"

"Wewe ulishafika huko ukaona milima yao ikoje?" Abdou alimjibu.

Walibishana wakati kaseti inaenda, walibishana imekwisha, walibishana jikoni mbele ya mpishi. Siku moja Fazul alimmwagia Abdou bakuli zima la maji ya kunyunyizia nguo. Kesho yake wote wawili walikuwa wamekaa juu ya vikapu vya mashuka kabla mashine haijapata moto. Koulsoum alikuwa nyuma yao na pasi yake. Hakuna aliyemwuliza anaonaje, naye hakusema.

Akaolewa na Fazul, wakarudi Mahajanga baada ya miaka sita. Abdou alibaki kisiwani. Lakini ubishi ule uliishi kuliko mashine yenyewe: kwenye barua, kwenye simu, kwenye harusi za watoto wa watu. Fazul angeweza kuwa amenuna wiki nzima. Akisikia sauti ya Abdou ikisema "Altara" tu, ulimi unafunguka.

Koulsoum alimpigia simu Abdou. Abdou alilia kwa ajili ya rafiki yake, akauliza anakula nini, analala vipi. Alipoombwa aje wabishane kama zamani, akaanza kukohoa, mara kuna injini ya mtu haijakwisha, mara mtandao haushiki. Akakata.

"Basi, mama," Hadjira alisema. "Hataki."

"Atakataa machoni mwangu," Koulsoum alijibu, akafunga kitenge.

Safari ilikuwa ya siku nzima na usiku wake. Kwenye kizuizi cha tatu askari aliishika kadi yake akaigeuza mara mbili.

"Hii imebakiza siku tisa," alisema. "Unakwenda wapi nayo?"

"Kumtafutia mume wangu dawa Nosy Be."

"Mahajanga hakuna dawa?"

"Hiyo haipo." Abiria wote walikuwa wanamtazama. Koulsoum aliinamisha kichwa na kungoja mpaka kadi ikamwangukia miguuni na gari likaondoka. Alifika bandari ya Ankify miguu imevimba, akapanda boti ya injini, na saa nne asubuhi alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana ya Abdou, nyuma ya soko la Hell-Ville.

Abdou alikuwa ameinamia injini ya boti. Nywele zake zilikuwa zimegeuka pamba. Alipomwona alijipangusa mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, akavuta stuli.

"Karibu, mke wa ndugu yangu. Kaa, nilete chai."

"Sikufuata chai, shemeji. Nimekuja kukuchukua. Ousséni anafika baada ya siku kumi na tano. Fazul asiposema, anapakiwa kama mzigo. Njoo umtetee Altara wako. Mchokoze. Mtukane ukitaka. Neno moja tu litoke, 'hapana', basi."

Abdou aliendelea kupangusa kidole ambacho kilikuwa kimeshakuwa safi. "Siwezi."

"Huwezi kusafiri?"

"Siwezi kubishana. Fazul alikuwa sahihi."

Koulsoum hakuelewa. Ikabidi Abdou aeleze, na aliona haya kama anayekiri wizi. Mwaka juzi, baada ya mkewe kufariki, mtalii mmoja mzee ambaye yeye Abdou alimtengenezea boti alimletea Wana wa Altara yote kwenye diski nne. Abdou alifunga mlango, akakaa. Alikuwa ameisubiri miaka ishirini na tano.

"Dakika kumi, dada. Dakika kumi nikauona uzi unaoning'iniza chombo. Wale watu wanazungumza kama wanasoma tangazo. Sayari ya chumvi, ile niliyokuwa naiota, ni meza na shuka. Nikasema labda ni macho ya uzee, nikaendelea mpaka mwisho. Nilihisi kama nimeibiwa. Ujana wangu wote nilikuwa naligombea sanduku tupu, na yeye alikuwa ananiambia."

"Basi jifanye," Koulsoum alisema. "Jifanye bado unaipenda."

"Masikio yake ni mazima, wewe mwenyewe umesema. Miaka yote ameusikia ubishi wangu wa kweli. Nikimletea wa bandia ataujua kabla sijamaliza, na atajua tumemfanya mtoto mchanga. Nitamfanyia vipi hilo?"

Koulsoum aliteremka kwenye stuli akapiga magoti kwenye sakafu ya mafuta. Hakuwa amepanga. Magoti yaliteremka yenyewe.

"Inuka, dada! Watu wanaona!"

"Waone. Mimi sina kadi ya kunivusha bahari, Abdou. Akipanda meli ile nimekuwa mjane na mume yu hai. Nifundishe pa kwenda kwingine, niende."

Abdou alimwinua kwa viwiko. "Nitakuja," alisema mwishowe. "Na diski nitazichukua. Lakini nitasema ninachokiona."

Fazul alipomwona rafiki yake akiingia, alicheka na kulia kwa pamoja, nusu ya uso ikifanya kazi ya uso mzima. Alimshika mkono hakumwachia mpaka alasiri. Hadjira aliunganisha mashine ya diski, wakamwegemeza mgonjwa kwa mito, wakaanza na sehemu ya kwanza.

"Kweli ni karatasi, ndugu yangu," Abdou alisema. "Uniwie radhi."

Fazul akaitikia kwa kichwa.

Ikawa hivyo siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Abdou anakosoa, Fazul anaitikia. Abdou akajaribu, kwa huruma, kusifu muziki. Fazul akaitikia hilo pia. Wazee wawili walikaa mbele ya nyota wakikubaliana kama wakwe siku ya posa. Koulsoum alikuwa akienda kazini Amborovy, katika hoteli alikofua na kupiga pasi, na kila akirudi alimtazama Hadjira usoni, na Hadjira anatikisa kichwa.

"Tumwache apumzike, mama. Unamchosha. Unajichosha."

Siku ya nne Koulsoum hakwenda kazini. Alikaa nyuma yao na kikapu cha nguo za watu. Ilikuwa sehemu ya tano, ile ya sayari ya chumvi. Wana wa Altara wanafukuzwa usiku kwa mienge, wanakimbilia chomboni, mtoto anafia njiani. Asubuhi yake nahodha anasimama mbele ya watu wake kuwahutubia, shati limenyooka, vifungo vimefungwa mpaka shingoni.

Abdou alicheka. "Hapa sasa! Wamekimbia usiku kucha katika chumvi, na nguo hazina hata kunyanzi. Nani aliwapigia pasi?"

"Mimi," Koulsoum alisema.

Abdou aligeuka.

"Mimi niliwapigia! Tulipotolewa kambini walikotuhifadhi, baada ya siku zile za mauaji, nilikuwa na gauni moja. Pindo lilikuwa na damu ya mama yangu. Nililifua, nikalinyoosha chini ya godoro la mtu, nikalivaa limenyooka, kwa sababu waliotufukuza walituita takataka. Nyinyi wawili mliona uzi na gundi. Mimi nilikuwa nyuma yenu na pasi mkononi, nikawaona watu wanafukuzwa usiku na asubuhi wanafunga vifungo. Aliyetunga vile alijua kitu. Milima iwe ya karatasi, iwe ya mavi ya ng'ombe, hainihusu!"

"Miaka yote hiyo hukusema."

"Hamkuniuliza!"

Abdou alisimama, na sasa hakuwa akimhurumia mtu. "Basi nakwambia leo: bado ni mbovu! Uchungu wako ni wa kweli, dada, lakini uko ndani yako, haumo kwenye diski hii. Ungetazama ukuta mtupu ungeuona vilevile!"

"Mbona ukuta mtupu sikuwahi kuulilia? Kuta ngapi nimezitazama tangu mwaka ule? Ulikuwa unaipenda, Abdou! Ilikuwa inakushika mkono, na sasa umepata nywele nyeupe unaionea haya, kama mtu anayemkana mama yake kwa sababu kanga yake imechakaa!"

"Usinitajie mama yangu kwa ajili ya meza na shuka!"

"Taratasy."

Sauti ilikuwa nene, ya kukwaruza, kama mlango usiofunguliwa muda mrefu. Wote wawili waligeuka. Kwenye televisheni nahodha aliendelea kuhutubia.

"Taratasy," Fazul alisema tena, waziwazi, na mkono wake wa kushoto ulielekezwa kwenye sayari ya chumvi. Macho yalikuwa yanawaka.

Koulsoum hakukumbuka baadaye alivyofika mlangoni. Alipiga vigelegele peke yake, kisha majirani wakampokea, na kabla ya magharibi chumba kilikuwa kimejaa watu wanaomwambia Fazul maashallah. Kila aliyemsalimu alijibiwa: "Taratasy." Watu walicheka kwa furaha. Koulsoum alimpigia simu Ousséni akiwa amesimama katikati yao.

"Amesema! Kwa mdomo wake! Njoo umsikie mwenyewe, na atakachosema ndicho kifuatwe, kama ulivyoapa."

"Alhamdulillahi," Ousséni alisema, na sauti yake ilivunjika. "Alhamdulillahi, shemeji. Nitamsikiliza."

Watu walipoondoka, Koulsoum aliketi ukingoni mwa kitanda. "Unataka maji?"

"Taratasy."

"Mimi nani? Sema jina langu."

Fazul alimtazama kwa upendo wote aliokuwa nao. Alikusanya midomo, akajitahidi, jasho likamtoka kwenye paji la uso. "Ta-ra-ta-sy," alisema, na mara akasikia alichosema, na uso wake ukabadilika.

Abdou alikuwa amesimama dirishani. Alikuwa ameshaelewa tangu mapema, na hakuwa na moyo wa kusema.

Walikuwa na siku zilizobaki, wakazitumia zote. Walimwekea sehemu ya sita mpaka ya kumi na tatu. Walibishana kwa makusudi, wakabishana kwa kweli, wakamwonyesha kijiko, ndoo, picha ya Hadjira. Muuguzi alikuja, akasikiliza, akamvuta Koulsoum uani. Alisema hutokea hivyo: mlango ukifunguka kidogo, neno moja hunasa pale pale, na mgonjwa akitaka kusema lolote ndilo hilo hilo linalotoka. Huenda likaachia. Huenda lisiachie.

"Baada ya muda gani?"

"Miezi. Sijui, mama."

Ousséni aliingia siku ya Jumatano, amevaa kanzu nyeupe na koti, mtu mrefu aliyeanza kupinda mgongo. Aliinama akambusu nduguye mikono yote miwili, mzima na mgonjwa, akalia bila kujificha. Kisha akaketi, akajipangusa, akauliza kwa Kikomori, taratibu kama kadhi:

"Fazul. Unanijua?"

"Taratasy."

Ousséni alishtuka, akamtazama Koulsoum, akamtazama nduguye. "Unataka kwenda nyumbani?"

"Taratasy. Taratasy!" Fazul alikuwa anatikisa mkono wa kushoto kwa nguvu, na Koulsoum, aliyeishi naye miaka ishirini na saba, aliona kwamba anakataa. Alikuwa anakataa kwa mwili mzima.

Lakini Ousséni alikuwa ameshatia mkono ndani ya koti. "Karatasi," alisema, na uso ukamng'aa. "Subhanallah. Anauliza karatasi zake. Ninazo, ndugu yangu, ninazo! Nilizishughulikia kabla sijatoka." Akatoa hati ya safari yenye picha, akaitia katika kiganja kigonjwa cha Fazul, na kiganja kile, ambacho siku hizo kilishika chochote kilichotiwa ndani yake, kikafumba.

"Hapana," Koulsoum alisema. "Kaka Ousséni, sikiliza. Neno hilo halina maana. Analisema kwa kila kitu."

"Wewe ulinipigia simu ukasema amesema."

"Nilifurahi. Sikujua bado."

"Ulisema atakachosema ndicho kifuatwe. Mtaa mzima umenieleza njiani namna ulivyopiga vigelegele. Leo neno limekwenda kinyume nawe, limekosa maana?"

Akamgeukia Abdou. "Wewe ulikuwepo. Nimesikia wewe ni mtu wa kweli. Alilitamka kwa maana gani?"

Abdou alimtazama Koulsoum, naye Koulsoum akamwomba kwa macho aseme uongo, uongo wowote. Midomo ya Abdou ilifunguka. "Alikuwa anaitukana filamu," alisema. "Filamu ya zamani ya watu wa kwenye nyota. Alikuwa anasema milima yake ni ya karatasi. Huo ndio ukweli, Mungu shahidi."

Ousséni alisubiri sehemu iliyobaki ya maelezo. Ilipoonekana hakuna, uso wake ulikunjamana. "Ndugu yangu amelala hivi, na nyinyi mmemkalisha mbele ya sinema mkimpigia kelele?" Hakupandisha sauti. "Shemeji, nilikuja na shaka moyoni. Umeniondolea."

Meli iliondoka Ijumaa asubuhi. Hadjira alikuwa ametumia siku nzima ya Alhamisi akizunguka ofisi kumwombea mama yake ruhusa. Kadi ilikuwa imekwisha muda, na mwenye muhuri alikuwa amesafiri. Bandarini walimbeba Fazul kwenye kiti. Alikuwa ameshika ncha ya kitenge cha Koulsoum, na kwa kuwa mkono ule haukujua tena kuachia, wapwa wawili waliokuja na Ousséni walilazimika kumfungua kidole kimoja kimoja. "Taratasy," alikuwa anamwambia Koulsoum, upesi upesi, kwa sauti ya chini, kama anayetoa wasia mrefu wenye mambo mengi. "Taratasy, taratasy." Koulsoum aliitikia, "Ndiyo. Ndiyo, baba Hadjira. Nimesikia." Alisema hivyo mpaka walipomvusha kwenye daraja la meli.

Abdou alikaa siku mbili zaidi. Hakuna aliyemlaumu, na yeye aliona kulaumiwa kungekuwa nafuu. Jioni ya mwisho alisema, "Ningeweza kumdanganya."

"Ungeweza," Koulsoum alisema.

Fazul alifariki Moroni mwezi wa Februari. Ousséni alipiga simu mwenyewe. Alieleza mazishi yalivyokuwa, nani alisalisha, watu walivyojaa.

"Nilimletea daftari," alisema. "Kila aliposema karatasi nilimpa karatasi, nikidhani anataka kuandika. Alizitupa. Nikamletea msahafu, akalia. Siku moja dada yetu alimpa uji, akamwambia karatasi. Akamfunika shuka, akamwambia karatasi. Hapo nikaelewa. Ilikuwa Novemba. Meli ilikuwepo ya kumrudisha. Niliona haya kukupigia. Nikasema labda atazoea."

Koulsoum alikuwa amesimama mlangoni, pale pale Fazul alipoanguka. Alitafuta tusi lililotosha, akatafuta msamaha. Vyote viwili havikuja.

"Siku utakayoweza kuja kuzuru kaburi," Ousséni alisema.

"Sitaweza."

"Basi nitakutumia picha."

Picha ilifika Machi, mikononi mwa abiria. Mchanga uliolundikwa, mawe mawili yaliyopakwa chokaa, na Ousséni amesimama pembeni, kofia mkononi, amezeeka mno. Hadjira aliitafutia fremu. Koulsoum alimwomba asiitundike bado.